Refa Asiyepiga Magoti

Jumamosi soko kuu la Sumbawanga halina adabu. Mikokoteni inapita juu ya vidole vya watu, wauza dagaa wanapokezana makelele na wauza maharage, na upepo wa Ufipa unafunua kila sketi isiyoshikwa. Katikati ya vurugu hiyo kijana mmoja mrefu, mwenye koti jeusi la sufi, alikuwa amechutama mbele ya rundo la raba za mitumba. Alishika raba ya bluu kwa mikono miwili. Akaikunja mbele, akaikunja nyuma, akakibonyeza kisigino, akaisogeza karibu na jicho.

"Kaka," sauti ikasema juu ya kichwa chake, "hicho ni kiatu. Si mgonjwa."

Akainua macho. Juu ya kreti la soda lililopinduliwa alikaa msichana mwenye suruali nyekundu ya mazoezi, sweta la kijani na kitambaa cha kitenge kichwani. Shingoni alining'iniza filimbi.

"Umejuaje kama mimi ni daktari?"

"Sijajua. Nimeona unakipapasa kama kinalia."

Maulida, muuza vitenge wa meza ya jirani, akacheka mpaka akashika mbavu. Kijana naye akacheka, ingawa masikio yalimwiva.

"Basi na mimi nimekujua. Wewe ni trafiki."

"Trafiki anasimamisha magari," msichana akasema. "Mimi nasimamisha wanaume. Njoo kesho uwanjani uone."

Jina lake Asnath. Siku za kazi aliuza raba, na Jumapili alichezesha mpira, refa wa katikati, mwanamke peke yake kati ya wanaume ishirini na wawili wanaomlilia penalti. Kijana aliitwa Valerian, mzaliwa wa kijiji cha Mollo, daktari bingwa wa mifupa, naye alikuwa anasubiri kwenda Dar es Salaam kuanza ubingwa bobezi wa majeraha ya wanamichezo. Barua ya kukubaliwa ilikwisha kufika. Tangu ifike hakutulia. Akikaa anasimama, akisimama anatafuta pa kwenda.

Kesho yake alikwenda uwanjani. Alimwona Asnath akikimbia katikati ya vumbi, kaptula nyeusi, soksi zimevutwa mpaka magotini, kidole kimeelekea kwenye doa la penalti huku beki mmoja mnene akimzunguka kwa maneno. Asnath alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akampa kadi. Valerian aliyekuwa amesimama nyuma ya kamba alihisi kama kadi ile ameonyeshwa yeye.

Simu zikaanza.

"Refa wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe umepasua?"

"Nimepasua wawili."

"Pole yao."

"Wamepona hao!"

"Ndiyo maana nawapa pole. Wataletewa hesabu ya hospitali."

Wakawa hawalali bila kuongea kwa simu. Siku moja jioni Asnath akamwuliza habari za huko anakokwenda.

"Mko wangapi?"

"Wanne. Tumeshaunganishwa kwenye kundi la simu. Mwalimu wetu amesema siku ya kwanza kila mmoja atasimama aeleze alikotoka, na nini kimemleta kwenye magoti na mabega ya wachezaji."

"Haya, nielezee wenzako."

"Kuna Kheri. Baba yake daktari, babu yake alikuwa mganga wa zahanati. Anasema yeye alizaliwa amevaa glavu. Kuna Rosina, alicheza mpira wa kikapu chuoni, goti likamkatika, akapasuliwa, akapona, akaapa naye atashika kisu. Na Timoth, huyo amekuwa daktari wa timu, amezeekea kwenye benchi na ndoo ya barafu."

"Na wewe?"

Valerian akahamishia simu sikio la pili.

"Mimi nitasema nilikuwa golikipa hodari."

"Ulikuwa?"

"Nilidaka shule ya msingi, pale Mollo. Siku moja niliruka, bega likachomoka. Likarudi lenyewe. Tangu siku hiyo kila nikiinua jembe juu, linachomoka tena. Nikawa nalikimbia jembe. Na wewe unajua kwetu, mtoto asiyelima matuta ni nani. Wakaniita mvivu. Mama akaniita mvivu, majirani wakapokea. Bega halikuvimba, ningewaonyesha nini? Mpaka sista mmoja wa hospitali ya misheni akanishika mkono, akauzungusha, akasema: huyu mtoto anaumwa."

Asnath hakucheka.

"Simama useme hivyo hivyo."

"Mbele ya watoto wa madaktari? Wataniona mshamba."

"Wewe ni mshamba, mpenzi. Nani mwingine anavaa koti la sufi jua la saa sita?"

Mapenzi yao yalikuwa yamefika hapo, matamu, wakati mguu wa Asnath uliponasa. Ilikuwa Jumapili, timu mbili za mtaani, uwanja una mashimo. Mpira ulibadili mwelekeo ghafla, naye akageuka na mwili wote, lakini kiatu kikabaki kwenye shimo. Mwili ulikwenda, goti la kulia likabaki. Alisikia kitu kimesogea ndani, kama kokoto kwenye bakuli. Alipuliza filimbi mpaka dakika ya mwisho, akapeana mikono na wote, akaenda nyumbani anachechemea njia za nyuma.

Kesho yake alipiga magoti kuvuta mfuko wa raba uvunguni mwa kitanda. Goti likagoma. Likajifunga kama mlango uliovimba kwa mvua, halikunjuki wala halikunjiki. Alilala chali sakafuni, akautikisa mguu kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, mpaka likalia kwaa, likafunguka. Kutoka hapo akajua: akitembea, sawa. Akikimbia njia iliyonyooka, anavumilia. Akipiga magoti, hainuki.

Alimwambia Maulida peke yake, tena kwa kumwapisha.

"Una mwanaume anayetengeneza magoti," Maulida akasema, "na wewe unamficha goti? Ni mke wa mwoka mikate kulala na njaa!"

"Akijua atanizuia. Mtihani wa mbio wa marefa umekaribia. Nikifaulu, nachezesha ligi ya taifa ya wanawake. Maulida, nimeanza na filimbi ya kuazima. Nimetukanwa na kila mwanaume wa mji huu. Nizuiwe leo na mtu ninayempenda?"

"Na usipomwambia?"

"Nitamwambia nikishafaulu."

Siri ya mwili ni ngumu kuishi nayo, humbadili mtu sura. Valerian akifika sokoni, Asnath haondoki kwenye kreti. Akimwambia watembee, anasema amechoka. Akimwambia wakasali pamoja, anasema amesali misa ya kwanza. Valerian akaanza kulala macho juu. Aliona kama msichana anapoa, na siku za safari zinayeyuka. Kitu kimoja tu alikitaka kabla hajapanda basi: Asnath ajulikane nyumbani kwao kuwa ndiye. Akamwambia, "Jumamosi twende Mollo kwa mama." Asnath akakubali, kwa sababu alimpenda.

Mama yake Valerian, Mama Kristiana, alijiandaa tangu asubuhi. Alitandika mkeka mpya ukumbini, akachinja jogoo, akamwita na wifi yake, shangazi wa Valerian. Kwa Wafipa wa huko binti akiingia kwa mara ya kwanza kwa mama wa mchumba, hupiga magoti kwenye mkeka, akapiga makofi taratibu huku anasalimia, na hakai wala hainuki mpaka mama amwambie. Hakuna anayefundishwa. Watoto wanakua wanaona.

Asnath aliingia amependeza. Gauni refu la kitenge cha zambarau, kilemba cha kitenge hicho hicho, hereni ndogo. Alifika ukingoni mwa mkeka, akasimama. Akainamisha kichwa na mgongo, akapiga makofi taratibu.

"Shikamoo, mama."

Mama Kristiana akangoja. Shangazi akangoja. Kuku mmoja akapita mlangoni, akatazama ndani, akaondoka. Magoti ya Asnath yalibaki yamenyooka.

"Marahaba," mama akasema, sauti kavu.

Asnath akakaa kwenye kiti, si kwenye mkeka na wanawake wenzake, na mguu mmoja akaunyoosha mbele.

"Siku hizi magoti ya mjini yanauzwa bei gani?" shangazi akauliza, kama anayeuliza bei ya sukari.

"Mwache, wifi," mama akajibu. "Nasikia huko uwanjani wanaume ndio wanampigia yeye."

Jogoo aliliwa. Hakuna aliyejua ana ladha gani.

Kwenye gari Valerian alishika usukani kama anataka kuung'oa.

"Ungepungukiwa nini, Asnath?"

"Niache, Valerian."

"Goti tu! Mama ameamka alfajiri kwa ajili yako."

"Nimemsalimia kwa heshima."

"Kwetu heshima ina magoti."

"Na kwetu ni wapi? Ulaya? Nimelelewa Milepa, Rukwa hii hii, najua unachokijua."

"Basi kama unajua, ni kiburi."

Ukweli ulimfika Asnath mpaka kwenye meno. Kisha akauona moyoni uwanja wa mtihani, chaki nyeupe, wenzake wamejipanga, jina lake linaitwa na yeye hayupo. Akaumeza ukweli.

"Kama umeona kiburi, ni kiburi. Nishushe hapa."

"Mjini bado."

"Nishushe."

Alimshusha, akaondoa gari kwa hasira, macho mbele. Laiti angetupa jicho kwenye kioo, angemwona anavyoshuka ukingo wa barabara kwa kutanguliza mguu wa kushoto, anavuta wa kulia kama kitu cha mtu mwingine. Hakutupa.

Zikafuata siku mbaya. Valerian alipopiga simu, haikupokelewa. Asnath alipopiga, yeye alikuwa chumba cha upasuaji. Mwisho ukaja ujumbe: *Safari njema, daktari.* Si "mpenzi", si "mshamba wangu". Daktari. Aliusoma amesimama, akausoma amekaa. Alianza kupanga sanduku, akalipangua. Kwenye kundi la simu wenzake walikuwa wanataniana nani atazungumza kwanza siku ya kujitambulisha, naye alikuwa anaandika na kufuta.

Siku yake ya mwisho ya kliniki ikafika. Sasa, Valerian alikuwa na desturi yake ya kazi. Wako madaktari wanaomwuliza mgonjwa wa goti kama anapanda ngazi. Yeye aliona watu wa Ufipa hawana ghorofa, wana mkeka, wana kanisa, wana mafiga. Kwa hiyo kila aliyeingia na goti alimwuliza kwanza swali moja, na jibu lake lilimwambia mengi kabla hata ya picha ya eksirei.

Akaingia fundi baiskeli, mzee Baltazari, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, daktari."

"Lini uliacha kupiga magoti?"

"Muda, mwanangu. Kanisani nilianza kusimama nyuma, karibu na mlango. Watu wakasema imani imepoa. Padri akanivuta pembeni, akaniuliza nina dhambi gani. Dhambi! Goti likikunjika linagoma kurudi. Nani anataka kuinuliwa na watu kama gunia la mahindi?"

Kalamu ya Valerian ikasimama.

"Daktari?"

"Nakusikia, mzee."

"Umepauka."

"Mzee wangu," Valerian akasema polepole, "kila mtu wa mji huu nimemwuliza swali hilo. Mmoja tu sijamwuliza."

Alimpima mzee kwa haki yake yote, akamwandikia picha, akaimaliza na foleni, kwa sababu wagonjwa hawakumkosea. Lakini mguu wake chini ya meza ulikuwa unatwanga sakafu. Mgonjwa wa mwisho alipotoka, aliacha koti jeupe kwenye kiti akaenda sokoni mbio. Kreti lilikuwa tupu.

"Yuko wapi?"

Maulida akaendelea kukunja kitenge. "Nani?"

"Maulida, nakuomba. Ni goti, siyo?"

Kitenge kikamponyoka. "Mimi nimeapa, sijasema. Umesema mwenyewe, Mungu shahidi. Yuko uwanjani. Leo ndiyo mtihani. Na ukimzuia kwa nguvu, ujue umemkosa!"

Marefa wanawake walikuwa wameshavaa namba, wananyoosha viungo kwenye jua la baridi. Asnath alikuwa peke yake kwenye jukwaa la saruji, anafunga kamba za kiatu bila kuinama sana. Alipomwona, alisimama.

"Umekuja kama nani?"

"Kama mpumbavu."

"Wapumbavu lango lao lile kule."

"Ni la kulia. Likikunjika linajifunga. Ndiyo maana pale Mollo hukushuka. Uliogopa usiinuke mbele ya mama."

Asnath akatazama pembeni.

"Utanisema kwa wakaguzi wa mtihani?"

"Sifungui mdomo. Goti lako, filimbi yako. Lakini niruhusu nilishike kabla hujakimbia. Ukishasikia, ukitaka kukimbia, nitakushikia sweta."

Alikaa. Alinyoosha mguu. Valerian akaukunja kidogo kidogo, kidole kimelala kwenye ukingo wa goti, akauzungusha kwa upole. Kitu kikalia ndani. Asnath akamng'ang'ania bega.

"Niambie. Usinionee huruma."

"Ndani ya goti kuna kisahani cha gegedu, ule mfupa laini. Chako kimechanika, kipande kinaingia katikati kama kabari. Leo bado kinashoneka, na kikishonwa utachezesha mpira mpaka uzeeke. Ukikimbia, huenda ukamaliza. Huenda pia kikasagika, na hapo hakishonwi tena, kinakatwa. Utatembea, utauza raba. Ligi hutaiona."

"Na nikiacha leo?"

"Mwakani mtihani upo."

"Mwakani!" Akapiga saruji kwa kiganja. "Unajua mwakani ni mbali kiasi gani kwa mwanamke mwenye filimbi? Watasema aliogopa."

"Watasema. Mimi mwenyewe nimesema, tena mbaya kuliko wao. Nisamehe, Asnath."

Jina lake likaitwa kwenye kipaza sauti. Likaitwa tena. Asnath alilia bila sauti, mikono inafungua pini za namba kifuani. Aliikunja namba, akashuka ngazi moja moja, akamkabidhi mkaguzi, akasema maneno machache. Alirudi amenyooka.

"Nani atanishona? Wewe?"

"Hapana. Mwalimu wangu, Dar es Salaam. Tayari nimeamua nitamwomba. Mimi sitaingia hata mlangoni."

"Kwa nini? Si ndiyo kazi yako?"

"Daktari hampasui mtu wa nyumbani kwake. Mkono unatetemeka."

"Mimi si mtu wa nyumbani kwako."

"Najua," Valerian akasema. "Ndilo linalonikosesha usingizi. Nakuomba uwe."

Asnath akamgeukia. Upepo ulikuwa umemvuruga kilemba, machozi hayajakauka.

"Unanihurumia."

"Nakuhurumia, ndiyo. Nakuogopa pia. Nakutaka pia. Vyote vimo, siwezi kuvichambua kama mchele."

"Na mama yako?"

Valerian akaingiza mkono mfukoni. Alitoa simu, akapiga palepale, akaiweka kwenye sauti ya nje.

"Mama, shikamoo. Asnath hana kiburi. Anaumwa goti, tangu siku nyingi. Akilikunja halikunjuki."

Upande wa pili ikasikika pumzi ndefu.

"Na wewe ulikwenda kusomea nini huko?" mama akauliza. "Mbuzi?"

"Mama..."

"Mpe simu mwanangu. Si wewe. Huyo mwanangu."

Asnath akaisogeza simu. "Shikamoo, mama. Nisamehe."

"Marahaba, mama. Mimi ndiye wa kusamehewa. Huyo hapo bega lake nililiita uvivu. Goti lako nimeliita kiburi. Watoto wangu wanaumwa, mimi nawapa majina. Mungu anirehemu. Kwa nini hukuniambia sikioni?"

"Niliogopa."

"Uniogope mimi, umwogope na huyo? Utachoka upesi. Pona kwanza. Salamu yako nimeshaipokea."

Simu ikakatika. Valerian alifungua kinywa, Asnath akamwekea kidole.

"Ngoja wamalize kukimbia."

Mkaguzi akapuliza. Wanawake wakatoka mstarini, viatu vinapiga ardhi kwa pamoja, mvuke unatoka vinywani. Asnath aliwatazama mmoja mmoja, mguu umenyooshwa juu ya saruji. Aliyechoka alimwita kwa jina. Aliyebaki nyuma alimpigia makofi. Valerian alikaa, akainuka, akakaa. Aliyatafuta mawingu, akatafuta saa, akatafuta pa kuweka mikono. Swali lake lilikuwa hewani, na Asnath hakuwa na haraka nalo. Alikuwa anawaaga wale wanawake mpaka mwakani, na hilo si jambo la kukatizwa na mwanaume.

Wa mwisho alipovuka chaki, akiyumba, akaangukia kwa wenzake, Asnath akavuta pumzi, akajifuta uso kwa mkono wa sweta.

"Haya," akasema. "Tuma mshenga kwa mjomba wangu Cornelius. Lakini aje asubuhi. Mjomba akishashiba hakubali neno la mtu."

Valerian akasimama wima. Akashuka ngazi mbili, akarudi.

"Nimtume nani?"

"Ee Mungu wangu," Asnath akasema, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akacheka mpaka marefa kule chini wakageuka. "Unayeoa ni wewe. Hata mshenga nikutafutie mimi?"